Ubao wa Mkono Mmoja

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kikula, Glodie alikuwa ameshafagia uwanja, ameshateka maji bombani na ameshaitoa cherehani ya mama yake barazani. Mama Colette alikuwa fundi wa nguo, na wateja wake walianza kubisha hodi mapema, kila mmoja na kitenge chake kwapani. Glodie alikunywa chai ya moto kwa pupa, akatupa begi mgongoni, akatoka mbio kwenda shule. Huyo ndiye Glodie, kila kitu mbiombio. Ukimwambia, "Glodie, hebu nisaidie...", ameshafika nusu ya kazi na wewe hujamaliza kusema ni kazi gani.

Lakini mikono yake ilikuwa na akili, hilo hakuna aliyelibisha. Kiti kimelegea mguu, anaitwa Glodie. Kufuli limegoma, anaitwa Glodie. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini Papa Germain, jirani yao aliyetengeneza vitanda, alimwachia msumeno wake bila wasiwasi. Hata mwanawe wa kumzaa hakumwachia.

Katika darasa la sita walikaa watatu kwenye kila dawati. Kwenye dawati la Glodie, dirishani alikaa Jenny, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Katikati alikaa Glodie, na pembeni, Déogratias, ambaye wote walimwita Déo. Déo alikuwa mpole, na hesabu alizimudu kuliko wengi. Ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni, baada ya homa kali. Wa kulia uliandika vizuri sana, lakini hakuwa na mkono mwingine wa kulizuia daftari. Na madawati yale yalikuwa yameinama. Daftari linateleza, kalamu inabingirika, rula inaanguka, pu! Déo anainama, anaokota, anarudi kuandika. Hajamaliza mstari, kifutio nacho kiko chini.

Mtihani wa majaribio ulipofika, Déo hakuyagusa kabisa maswali ya mwisho.

"Déo, haya yote unayajua," alisema Mwalimu Symphorien, ambaye wanafunzi walimwita Maître. "Nimekusikia ukiwafundisha wenzako."

"Muda umeniishia, Maître."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta polepole. Ilionekana wazi kwamba maneno yaliyofuata yalimuuma. "Kuna majaribio mengine baada ya Pasaka. Mkurugenzi wa shule amesema, atakayekosa nusu ya alama hatapelekwa kwenye mtihani wa taifa. Atarudia mwaka."

Hapo Déo akamwinamia Glodie sikioni.

"Papa yangu amesema hatalipa darasa moja mara mbili. Nikishindwa, ninaenda kwa mjomba, kijijini Kapolowe, kulima. Basi, masomo yameisha."

Glodie hakulala vizuri siku hiyo. Déo aache shule kwa sababu ya rula inayoanguka? Haiwezekani!

Bahati nzuri, wiki hiyohiyo walitakiwa kuleta kazi ya mikono. Sasa, kazi ya mikono tunaijua. Kila mwaka nusu ya darasa huleta mafagio, na mafagio yote yamefungwa kwa kamba ya rangi moja, kwa sababu yametoka kwa muuzaji mmoja pale sokoni. Mwalimu huyapokea, huguna, huandika alama. Glodie aliapa kwamba yeye hataleta fagio. Atamtengenezea Déo kitu cha kupangia vifaa vyake vyote mezani.

Alikwenda kwa Papa Germain, akaomba mabaki ya mbao, akapima, akakata, akapiga msasa. Kikatoka kisanduku cha kupendeza macho. Kilikuwa na vyumba vya kalamu, droo ndogo ya vifutio, na kifuniko chenye bawaba. Alikipaka rangi ya buluu, na juu yake akaandika DÉO kwa rangi nyeupe.

"Déo mwenyewe anasemaje?" aliuliza Mama Colette.

"Hajui, Mama. Nitamshangaza!"

Kweli alimshangaza. Alipokiweka kisanduku mbele ya darasa, makofi yalilia hadi wanafunzi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Maître alikizungusha, akafungua droo, akatikisa kichwa kwa furaha. "Glodie, umempatia mwenzako msaada wa kweli," alisema, akaandika alama ambayo hakuwahi kumpa mtu. Déo alikipapasa kifuniko. "Aksanti sana, Glodie. Ni kizuri." Kichwa cha Glodie kikavimba. Siku hiyo alitembea barabarani akijiona mhandisi.

Kesho yake kulikuwa na imla. Déo aliweka kisanduku juu ya dawati, na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Kisanduku kiliteleza. Alipovuta droo, kisanduku kizima kikamfuata, maana hakuwa na mkono wa pili wa kukishikilia. Alipoinua kifuniko, kikamwangukia vidoleni. Akajaribu kukizuia kwa kidevu. Kisanduku kikapinduka, na kila kilichokuwamo kikatawanyika sakafuni. Darasa zima likacheka, na Jenny akacheka kuwazidi wote.

"Si kosa la kisanduku," alisema Déo, uso umemwiva. "Minye sijazoea tu."

Uso wa Glodie nao ulikuwa unawaka. Badala ya kunyamaza, akafoka, "Hujui kukitumia! Mbona ni rahisi?"

Déo alikisukuma kisanduku chini ya dawati kwa mguu, akaendelea kuandika. Wakati huo mwalimu alikuwa amemtangulia sentensi mbili.

Glodie alifika nyumbani amenuna. Mama Colette alikuwa barazani, anampima mteja wake Mama Julie kiuno, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, nimemfanyia Déo kitu kizuri, nimeumia vidole, halafu yeye hataki kujifunza kukitumia!"

Mama Colette alitoa pini moja moja mdomoni. Hakuwa na haraka.

"Weye Glodie. Ulimupima?"

"Ni kisanduku, Mama, si nguo."

"Minye nikikata robe, gauni hili la Mama Julie, bila kumupima, ikimubana, nitamwambia apunguze tumbo?"

"Hata nikitaka, tumbo hili halipungui!" alisema Mama Julie, na wanawake wote wawili wakaangua kicheko.

Glodie hakucheka. Alisimama palepale akiuangalia mkono wake wa kushoto. Kisha akaokota kipande cha kitenge kilichodondoka chini ya cherehani.

"Mama, nifunge mkono huu. Ukaze."

Mama alimfunga mkono kifuani, wala hakuuliza kwa nini. Glodie alikaa kufanya kazi ya nyumbani kwenye ubao wa kukatia mkate alioulaza kwa kuuinamisha kama dawati. Daftari likakimbia. Alilizuia kwa kiwiko, kiwiko kikafunika alichokuwa anasoma. Alitaka kupiga mstari, rula ikazunguka. Kwa ukaidi tu alikazana hadi mwisho wa ukurasa, na mwandiko wake ulikuwa aibu tupu. Machozi yakamtoka. Déo alifanya hivi kila siku ya Mungu, naye Glodie akamwambia hajui!

Asubuhi alimngojea Déo langoni. "Nilikukosea," alisema. "Nilikutukana mbele ya watu. Nisamehe."

"Yamekwisha," alisema Déo. "Lakini kisanduku chako kina kiburi, eh!" Wote wawili wakacheka.

Ilibaki sehemu ngumu zaidi. Glodie alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwalimu.

"Maître, ile alama yangu uifute."

"Niifute? Kwa nini?"

"Ulinipa kwa sababu kisanduku kinamsaidia Déo. Hakimsaidii. Kinapendeza tu."

"Weye una wazimu?" Jenny alidakia kutoka nyuma. "Wenye mafagio ya sokoni wamenyamaza, weye unarudisha alama?"

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaikata ile alama. "Nafasi yako ninaiacha wazi," alisema. "Utaniambia kazi itakapokwisha."

Mchana huo Glodie na Déo walikaa kwenye karakana ya Papa Germain. Safari hii Glodie hakugusa msumeno.

"Niambie, ni kitu gani kinachokusumbua kwanza?" aliuliza. Alikuwa na hakika atasikia habari za kalamu.

"Karatasi," alisema Déo. "Kalamu si kitu, ninaweza hata kuiweka sikioni. Karatasi ndiyo inayokimbia."

Lo! Na kile kisanduku chote, pamoja na droo na bawaba zake, hakikuwa na mahali pa karatasi. Déo alichukua chaki, akaanza kuchora kwenye ubao. Kumbe alikuwa na mawazo tele kichwani, ila hakuna aliyewahi kumwuliza. Alitaka ubao mpana wa kulaza juu ya dawati, usiozidi nafasi yake, ili asimsukume Glodie. Kalamu zilale upande wa kulia, karibu na mkono wake. Na kusiwe na kitu cha kufungua wala kufunika.

Wakaanza kazi. Glodie alikata, Déo akapiga msasa, ubao umebanwa mezani kwa jiliwa ya Papa Germain. Chini ya ubao walibandika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili usiteleze. Kwa ajili ya kalamu walichimba mfereji, na kwa kifutio wakapigilia kopo la sardini ambalo kingo zake Glodie alizilaza kwa nyundo. Rula iliwasumbua sana. Mwishoni Déo alipata wazo la kuitoboa na kuipitisha kwenye waya wa shaba, uliotolewa katika mota mbovu, na kuunyoosha waya huo ubavuni mwa ubao. Rula ikapanda na kushuka bila kutoka njiani. "Angalia!" alipiga kelele Déo. "Angalia, inanitii!"

Kwa kubana karatasi walikaza ukanda wa mpira uleule wa baiskeli, nao ukachana ukurasa wa kwanza kabisa. Mama Colette akawashonea ukanda laini wa lastiki uliovishwa kitambaa. Déo akajaribu tena, akapenyeza karatasi, akaandika jina lake. Karatasi ikatulia tuli. Akaandika tena, kwa kasi, huku anacheka peke yake.

Ubao huo haukuwa na rangi wala jina. Kisanduku cha buluu kilikuwa kizuri zaidi, yeyote angekwambia hivyo.

Baada ya Pasaka siku ya majaribio ikafika. Kabla hawajaanza, mkurugenzi wa shule alipita kati ya madawati, akasimama mbele ya Déo.

"Hiki nini?"

Glodie aliogopa ubao utakatazwa. Mkurugenzi aliuinua ubao, akaupindua, akachungulia chini yake na hata ndani ya kopo kutafuta majibu yaliyofichwa. Hakuona kitu. Akaisukuma rula, ikashuka taratibu juu ya waya wake, naye akaisukuma tena, safari hii kwa kupendezwa. "Haya, endeleeni," alisema.

Glodie alifanya mtihani wake huku sikio moja liko pembeni, linangoja kusikia rula ikianguka. Haikuanguka. Haikuanguka kalamu wala kifutio. Kilichosikika ni kalamu ya Déo tu, inakwenda bila kusimama. Kisha mkono ukainuliwa.

"Nimemaliza, Maître."

Glodie alishtuka. Yeye mwenyewe alikuwa bado ana maswali matatu!

Matokeo yalisomwa siku chache baadaye. Maître alianza na waliopata nusu tu, akapanda juu. Jina la Glodie likatajwa katikati. Majina yakaendelea, la Déo halijasikika, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Glodie aliushika mkono wake uliopooza, akaubana. Yakabaki majina mawili.

"Wa pili darasani," alisema Maître, "ni Déogratias."

Darasa lililipuka. Watu waligonga madawati, wakapiga miluzi, wakamwinua Déo juujuu. Kelele zikawa kubwa hata hakuna aliyemsikia wa kwanza, na Jenny akabaki anapiga mayowe, "Na wa kwanza je? Jamani, ni minye! Nimesema ni minye!"

Kelele zilipotulia, Mwalimu Symphorien alifungua ukurasa wenye nafasi wazi, akaandika alama mbili, moja ya Glodie na moja ya Déo.

"Nisikilizeni," alisema. "Kisanduku cha kwanza kilitengenezwa kwa ajili ya macho yetu, nasi tukakipigia makofi. Mimi pia nilipiga. Ubao huu umetengenezwa kwa ajili ya Déo, kwa sababu Déo aliulizwa. Mkitaka kumsaidia mtu, mwulizeni kwanza, mumsikilize, mfanye kazi pamoja naye. Na kazi yako ikikosea, sema imekosea, uanze upya, kama Glodie alivyofanya. Hapo hakuna aibu. Aibu ni kukaa na alama ambayo hukuifanyia kazi." Aliposema hivyo, wenye mafagio kadhaa walikuta kitu cha kutazama sakafuni.

Langoni alisimama Papa Philippe, baba yake Déo, bado na kofia ngumu ya kazini kichwani. Habari zilikuwa zimeshamfikia njiani. Aliupokea ubao, akaupitishia vidole kuanzia kopo hadi waya.

"Nani ametengeneza kitu hiki?"

Glodie alimgeukia Déo, akamwacha ajibu.

"Sisi wawili, Papa."

Papa Philippe alivua kofia yake, akaukumbatia ubao kifuani.

"Papa," Déo aliuliza polepole, "na Kapolowe?"

"Kapolowe utaenda likizo tu, baada ya mtihani wa taifa, ule mahindi ya mjomba wako. Ukirudi, unaanza darasa la saba."

Déo alirusha mkono wake mzima juu, akapiga ukelele uliowageuza wapita njia wote, na Glodie akapiga pamoja naye.