Mashine Haisahau, Nilimwambia Baba

Nina umri wa miaka thelathini na nane, sijaolewa, na naishi Sokon One, Arusha, kwenye chumba na sebule. Msinionee huruma kwa hilo la kutoolewa, ndugu zangu, kwani ndilo jambo moja nililofanya kwa akili. Mchungaji ameniambia nisamehe na kusahau. Mama naye kaniambia hivyo hivyo. Kusamehe, labda... Lakini kusahau? Kusahau ndiko kulikonimaliza!

Kwetu ni Umeruni, juu ya Kikatiti, unapandisha kwenye migomba mpaka unaanza kuhisi baridi ya mlima. Pale palikuwa na kanisa la mawe. Babu mzaa baba ndiye aliyekuwa fundi wake mkuu. Mawe yalichongwa mtoni, wanawake wakayapandisha kwa vichwa. Nilibatizwa humo, nikapata kipaimara humo. Baba yangu, mzee wa kanisa, ndiye aliyetunza ufunguo na kupiga kengele kila Jumapili tangu mimi sijazaliwa.

Kijijini kwetu kuna jambo ambalo hata vijana wa sasa hawalichezei. Kitu kilichojengwa na mkono wa mzee hakivunjwi mpaka mtoto wake atamke neno la ridhaa, kisha akiguse yeye wa kwanza. Bila neno hilo hakuna fundi wa pale atakayeshika nyundo, hata umlipe nini. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililofanya nitafutwe mimi.

Nilisomea upimaji, nikaajiriwa mjini Arusha katika ofisi ya upimaji na ujenzi. Mwenye ofisi alikuwa Godlisten, kijana wa Kilimanjaro, Mlutheri mwenzangu, mtanashati, maneno yake matamu kama asali. Ilikuwa ile miaka soko huria limechanganya kweli kweli. Kila mwenye pikapu alikuwa mkandarasi, watu wanang'oa kahawa wapande nyanya, na chochote cha zamani kinaonekana aibu. Godlisten alinipenda, au ndivyo alivyosema. Barua ya posa ikaja nyumbani, ikajibiwa, nikavaa pete. Nilijiona nimefika!

Ndipo akaja mtaalamu kutoka nje na mashine ya leza ya kupimia majengo ya kale. Inasimama kwa miguu mitatu, kichwa chake kinazunguka polepole kikirusha mwali usiouona. Mwali unagonga ukuta na kurudi, na kila ukirudi unaacha nukta moja kwenye kompyuta. Nukta zikishakuwa mamilioni, unaliona jengo zima, hadi nyufa zake. Mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia. Mtaalamu alinisisitizia jambo moja: kazi ikiisha, weka nakala tatu, sehemu tatu tofauti. Nakala moja, alisema, ni sawa na kutokuwa nayo.

Nilimwelewa vizuri. Nasema hivyo ili msije mkanitetea.

Siku moja Godlisten akaniambia twende tukalipime na kanisa la kwetu kabla mashine haijarudi. Nilitokwa na machozi ya furaha. Mwanaume gani huyu, anayekumbuka hata mawe ya babu yangu!

Tulipima kwa siku mbili. Baba hakuiacha ile mashine hata dakika. Kila nilipoihamisha naye alihamisha kigoda chake, akiuliza kama imeona na nyuma ya nguzo. Jioni ya pili nikamwonyesha kanisa lake kwenye kompyuta. Alinyoosha kidole, akagusa jiwe moja chini ya dirisha, lililopinda pembeni.

"Hili ndilo lilimvunja babu yako kidole," alisema, akacheka mpaka akapaliwa.

Nikamkabidhi Godlisten diski yenye kazi yote atoe nakala nyingine mbili. Sikufuatilia. Unamfuatiliaje mtu utakayezaa naye?

Haikupita miezi mitatu, kamati ya ujenzi ikatangaza kwamba kanisa la mawe ni dogo, livunjwe, lijengwe kubwa la tofali, lenye vigae. Mkandarasi alikuwa nani? Godlisten! Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameshazungumza na kamati kabla hata hatujapeleka ile mashine. Baba akakataa kutoa neno, kazi ikasimama.

Basi nikatumwa mimi. Godlisten aliniambia baba ananisikiliza mimi peke yangu, na kwamba kila jiwe limeshahifadhiwa. Akaapa ukuta wa mbele utajengwa upya kwa vipimo vyetu, jiwe kwa jiwe. Nilimwamini... Nilimwamini kama mjinga!

Nikapanda nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa ameandaa loshoro, ule uji wetu mzito wa mahindi na maziwa mgando. Nikamwamkia baba, nikakaa karibu naye.

"Marahaba, mama," alinijibu. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Najua kilichokuleta. Hebu niambie wewe uliyesoma. Hiyo mashine, haisahau?"

"Haisahau, baba."

"Nikitaka kuliona kanisa, nitaliona?"

"Siku yoyote utakayotaka."

Akamaliza loshoro yake taratibu. Kisha akasema, "Haya. Kwa neno lako, nami natoa langu."

Siku ya kuvunja alivaa koti lake la Krismasi. Akashika mtaimbo, akaling'oa lile jiwe lililopinda, akalibeba kifuani hadi nyumbani bila kukubali kusaidiwa. Wengine wakaendelea. Mnajua mawe mengine yalipelekwa wapi? Yalipondwa kokoto! Mawe ya babu yangu, yaliyopandishwa kwa vichwa vya bibi zetu, yakamwagwa kwenye msingi wa Godlisten kama taka. Nilipomuuliza kuhusu ukuta wa mbele, akasema kamati imebadilisha ramani.

Wiki iliyofuata baba alishuka mjini. Koti lile lile, kofia mkononi. Akasema amekuja kuliona kanisa. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikafungua. Hakuna. Nikatafuta diski, nikaikuta kabatini. Ilikuwa imejaa michoro ya maduka ya mteja wetu wa mtaa wa Sakina. Nikatafuta hizo nakala mbili... hazikuwahi kuwepo! Nilifungua na kufunga lile kabati mpaka baba akaniuliza kama naumwa.

Nikamwita Godlisten. Hakushtuka hata kidogo. Alimwamkia baba vizuri, kisha akanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Nilihitaji nafasi kwenye diski. Kwani shida iko wapi? Ile si ilikuwa ya kumtuliza mzee tu?"

Ya kumtuliza mzee tu! Baba yangu alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale, na masikio yake yalikuwa mazima.

Tulimwandikia mtaalamu barua pepe pale pale, baba akingoja. Akajibu kwamba kwa makubaliano yetu yeye hakubaki na chochote, kazi yote alituachia sisi.

Baba aliniangalia mara moja tu. "Si ulisema haisahau?" Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa kanisa, aliokuwa akitembea nao bado ingawa mlango haupo, akauweka mapajani mwangu. Pete niliivua hapo hapo nikaitupa mezani kwa Godlisten. Alitabasamu, akasema nitamrudia hasira zikiisha. Haziishi, Godlisten! Kama unasoma hapa, jua kwamba haziishi!

Baba hakukanyaga tena ibadani. Alisema hajui aingilie wapi. Akaanza kukohoa, akakataa chakula, na kabla mwaka haujageuka tukamzika. Ibada ya mazishi ilifanyika ndani ya zile kuta za tofali zisizo na paa, manyunyu yakiloanisha jeneza la mtu aliyefungulia watu mlango maisha yake yote. Mlangoni kuna bamba limeandikwa jina la Godlisten kama mfadhili. Mfadhili! Nilitaka kuling'oa kwa meno. Mama alinishika mkono.

Jiwe lililopinda tuliliweka kichwani pa kaburi lake. Ndilo kanisa lililobaki.

Ndugu msomaji, namlaani Godlisten, lakini neno la baba halikutolewa kwa ajili yake. Lilitolewa kwa ajili yangu. Nilimpa mzee ahadi ya kitu ambacho sikuwa nacho mkononi, eti kwa sababu nampenda anayekishika. Nawasihi, msimfanyie hivyo mzazi. Akikuuliza swali, nenda kwanza ukahakikishe kwa macho yako, ndipo urudi kumjibu.

Siku hizi napima nyumba za kale za watu huku Meru kwa futi kamba na daftari, na nakala natoa tatu. Mwezi uliopita mzee mmoja, ambaye wanawe wanataka kubomoa nyumba ya baba yake wajenge fremu za maduka, alinitazama nikichora, akaniuliza kama hilo karatasi langu halitasahau.

Nikamwambia, "Litasahau, mzee wangu. Usitoe neno lako."