Uzi wa Koko Lukumani

Kila asubuhi kabla ya shule, Hadidja alikuwa akipita kwa babu yake, Koko Lukumani, fundi cherehani wa mtaa wa Lubunga, kumtungia uzi kwenye sindano. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemtetemesha mikono miaka saba. Kisha wanawe wakampeleka India, akatiwa nyaya nyembamba kichwani na kifaa kidogo cha umeme chini ya ngozi ya kifua. Alirudi mikono imetulia tuli. Siku alipotunga uzi mwenyewe, nyumba nzima ililia kwa furaha.

Lakini furaha yake mzee haikuwa na breki. Hakulala. Aliimba, akaongea bila kituo, akaahidi kanzu kwa kila mpita njia. Watu nao, midomo haina kazi, wakasema, "Amepona, acheni afurahi." Jumatatu moja Hadidja alimkuta amekikata vipande vipande kitenge cha arusi ambacho Tantine Colette, jirani yao, alikileta kishonwe, anashona kofia za watoto wa mtaa.

"Nani amefanya hivi?" Colette aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ni mimi, tantine," Hadidja akajibu. Mama yake akamgombeza hadi jioni.

Koko akamwita pembeni. "Alhamisi docteur anakuja kupima kifaa. Usimwambie kitu, mjukuu wangu. Atapunguza umeme, mikono itaanza tena kutetemeka." Hadidja akakubali. Alimpenda mno, na aliogopa kumnyang'anya mikono yake.

Alhamisi ikafika. "Papa Lukumani, kuna lililobadilika?" daktari aliuliza.

"Hakuna. Niko kijana."

Hadidja alizitazama zile kofia, kisha macho ya babu yake, mekundu kwa kukosa usingizi. "Docteur, koko halali," akasema. "Kitenge alikikata yeye. Mimi nilidanganya."

Koko aliinamisha kichwa. Daktari hakukasirika. "Umeme uleule unaotuliza mikono unaweza kuivuruga akili," alisema. "Si uchawi, wala si kosa la mzee. Tutaurekebisha polepole."

Baada ya wiki chache Koko alikuwa akilala vizuri. Alikwenda mwenyewe kwa Colette na kitenge kipya, akaomba radhi. Ila mkono wa kulia ulitetemeka kidogo, na Hadidja alipouona, moyo ulimuuma.

"Nisamehe, koko."

"Keti hapa. Mkono ukitetemeka, mtaa mzima unaona. Akili ikitetemeka, anaona aliye karibu tu. Naye akificha, hata kwa mapenzi, mgonjwa anabaki peke yake. Wewe hukuniacha."

Akamnyooshea sindano. "Bon. Nitungie uzi."