Fomu Iliyotaja Msumbiji

Gari la serikali likiingia Mahurunga, Zeferino hukumbuka kazi shambani. Huchukua jembe, hupita nyuma ya nyumba, na haonekani mpaka vumbi litulie.

"Baba Anabela, leo tena mpunga umekuita?" majirani humtania.

Naye hucheka nao, huku akiharakisha hatua.

Zeferino alivushwa Mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake, wakati wa vita vya Msumbiji. Alikuwa na miaka minne. Alikulia Mahurunga, akaoa mke mzaliwa wa hapohapo. Lakini karatasi ya uraia hakuwa nayo, wala hakuthubutu kuiulizia. Aliamini kwamba siku jina lake litakapoandikwa ofisini, ndiyo siku atakayorudishwa ng'ambo.

Mwezi Mei 2006, matokeo ya kidato cha sita yalitoka. Binti yake, Anabela, alipata daraja la kwanza. Jirani yao, Mwalimu Joyce, mtu wa Njombe aliyehamishiwa shule ya kijiji, akamletea fomu ya chuo kikuu kimoja binafsi.

"Irudi kabla ya mwisho wa Juni," alisema.

Zeferino aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Ukurasa wa pili akakwama. Paliandikwa: Mahali alipozaliwa baba. Akaifunga fomu upesi.

"Baba, tutajaza lini?" Anabela aliuliza.

"Tungoje korosho. Oktoba tukiuza, tutakuwa na cha kushika mkononi. Utaombaje chuo mfuko mtupu? Watatucheka."

Asubuhi fomu haikuwepo mezani. Zeferino alikuwa ameichimbia ndani ya gunia la mpunga.

Wiki tatu zikapita. Jumatatu moja, Mwalimu Joyce akabisha hodi.

"Karibu, mwalimu," alisema Mama Anabela, akitandika mkeka.

"Asante. Nimefuata saini ya baba, na barua ya mtendaji wa kijiji. Vingine Anabela ameshajaza."

Akaitoa fomu. Ilikuwa ileile; Anabela alikuwa ameifukua kwenye gunia. Zeferino akafunua ukurasa wa pili. Kwa mwandiko mkubwa wa bintiye, paliandikwa: Msumbiji.

Akakaa chini.

"Umeniuza, mwanangu."

"Nimeandika ulipozaliwa, baba."

"Unajua karatasi hii inakwenda wapi? Kesho gari litasimama hapa. Watanibeba. Mama yako atabaki na nani?"

"Inakwenda chuoni, Baba Anabela," alisema Mwalimu Joyce. "Anayechaguliwa ni Anabela. Amezaliwa hapa, mama yake ni Mtanzania, cheti cha kuzaliwa anacho. Wewe hawakutafuti."

"Basi tungoje korosho. Chuo hakikimbii."

"Chuo hakikimbii, ni kweli. Maombi wanapokea mpaka Septemba. Lakini fungu la kuwalipia ada waliofaulu vizuri linagawiwa kwa walioomba mapema, mpaka mwisho wa Juni. Likiisha, limeisha. Na Oktoba unayoingoja, wenzake watakuwa darasani."

"Hata mwenye daraja la kwanza anakosa?" Mama Anabela akauliza.

"Anakosa, mama. Mwaka jana nilikuwa na kijana wangu, Mathayo. Alifaulu kuliko wote. Akaomba Septemba. Nafasi akapata, wa kumlipia hakupata. Leo anapakia magunia bandarini Mtwara."

Mama Anabela akashika shavu. "Na huo ufadhili, unalipa kila kitu?"

"Ada tu, na si lazima ada yote. Chakula na malazi vina msaada mwingine, wa familia zenye kipato kidogo. Huo ndio unaotaka barua ya mtendaji, aeleze mnaishi kwa kazi gani. Aombe vyote viwili kwa pamoja. Tena asome masharti, maana alama zikishuka, ufadhili unaweza kukatwa."

Zeferino alitikisa kichwa. Ofisi ya mtendaji hakuwahi kuikanyaga hata siku moja.

"Siendi," alisema.

"Zimebaki siku nne," alisema Anabela. "Usipokwenda, nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia mtendaji kwamba sina baba."

Zeferino aliivuta fomu, akatia saini. Kisha akainuka, akavaa shati lake la kanisani.

Mtendaji, Bwana Shabani, alikuwa peke yake ofisini. Zeferino alisimama mlangoni. Akayatoa yote kwa pumzi moja.

"Nimezaliwa ng'ambo. Karatasi sina. Binti yangu anahitaji barua."

Shabani akaweka kalamu chini.

"Baba Anabela, nani hapa hajui kwamba umezaliwa ng'ambo? Kila nikiitisha mkutano hutokei. Nilidhani unanidharau! Barua nakuandikia sasa hivi. La uraia wako lina njia yake. Nenda Uhamiaji, Mtwara mjini, kwa miguu yako mwenyewe. Ukaeleze, ufuate utaratibu. Ukiendelea kujificha, unalifanya gumu."

Muhuri ulipogonga meza, Zeferino alishtuka kama aliyepigwa.

Kesho yake Anabela na mwalimu walikwenda posta Mtwara. Walitoa nakala ya kila karatasi, wakaituma fomu kwa rejesta, wakatunza stakabadhi ya kuonyesha tarehe. Julai nzima Zeferino hakulala vizuri. Kila injini iliyonguruma ilimkatisha tonge. Hata hivyo alikwenda Uhamiaji. Alirudi na fomu zake mwenyewe, za kuomba uraia. Hakuna aliyemrudisha ng'ambo.

Agosti barua ilifika. Chuo kitalipa ada yote maadamu Anabela analinda alama zake, pamoja na nusu ya chakula na malazi. Mama Anabela alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kisha akamgeukia bintiye.

"Sasa mwombe baba yako radhi. Siku ile ulimtamkia neno zito, mbele ya mgeni."

Zeferino alikuwa ameinama. Anabela akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kwa barua ya mtendaji, asante sana. Ninajua ulivyoogopa. Lakini nisingelisema neno lile, usingelitoka hapa. Kwa hilo siombi radhi."