Samahani ya Mashine

Stesheni kuu ya Toronto, watu wakitoka kazini, husukumana kama wanagombea pepo. Hapo ndipo Bohdan Kovalchuk, fundi wa lifti, alipolimwagia kahawa koti jipya la Odile Pelletier.

"Bwana wee! Sufu hii imenitoa jasho!"

"Nivulie nikalifue, bibie. Na mwenye koti nimlishe."

Odile alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Penzi likashika.

Kazi ya Odile ilikuwa kukagua mashine zinazofikiri, zile zilizoachiwa kununua na kuuza hisa kwa niaba ya mabenki. Hofu yake ni kwamba mabenki yote yanategemea mashine ileile. Ikisema "uza", yote yatauza kwa mpigo, soko liporomoke. Wakubwa walimsikiliza wakipiga miayo. Kwani likiporomoka linawaangukia wao? Linamwangukia mzee mwenye kipensheni chake.

Siku mama yake Odile alipokuja kutoka Quebec kumwona mkwe, Bohdan hakutokea. Asubuhi yake simu ikaleta ujumbe wa Bohdan: "Wewe ni nanga ya dhoruba yangu. Kilichokosekana jana ni mwili, si moyo."

Odile akalainika, akamsomea mwenzake wa ofisini, Mairead. Mairead akashika mdomo.

"Shoga, mume wangu alinitumia haya Jumatatu! Neno kwa neno, mpaka nukta!"

Odile hakupokea simu za Bohdan tena. Bohdan akaenda kumngoja stesheni, katikati ya msukumano.

"Ule ujumbe, uliiandikisha mashine?" Odile akamkabili.

"Niliogopa kukosea, mpenzi."

"Wote mnaogopa, wote mnakimbilia mlango mmoja! Si ndicho ninachokipigia kelele kila siku? Sasa hata samahani yangu ni ya mtaa mzima!"

"Basi sikia yangu. Nilifika. Nilikaa garini nje na maua, nikaona viatu vimejaa grisi. Nikamwogopa mama yako, nikageuza."

"Viatu tu, Bohdan?"

"Viatu." Jasho lilimtiririka. "Odile, mimi... nakuomba... unioe!"

Watu wakasimama. Bibi mmoja akaangua kicheko. "Kijana, wewe ndiye unayeoa!"

Bohdan akawa mwekundu hadi masikioni. Odile alicheka mpaka machozi, akamshika ukosi.

"Hilo halijatumwa kwa mtu mwingine mji huu wote. Haya, laazizi, nitakuoa. Lakini kwanza twende kwa mama, na viatu vyako hivyohivyo."