Mtoto Asiyekula Senene

Mackrine alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika khanga mbili, kama mama aliyejifungua siku kumi na sita zilizopita. Tangu asubuhi wageni walikuwa wakiingia na kutoka. Huyu kaleta mkungu wa ndizi, yule kaleta maziwa. Kila aliyeingia alimfunua mtoto na kushangaa kwa Kihaya, "Mawe! Pua ni ya Byabato kabisa!" Mackrine alitabasamu, lakini moyoni alikuwa anaungua.

Mtoto yule hakumzaa yeye.

Mackrine na mumewe Byabato ni wakulima wa Igurwa, Karagwe. Wana kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Byabato ni mzee wa kanisa, na Mackrine anaimba kwaya. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa walimwomba Mungu mtoto. Walikwenda hospitali, wakafunga, wakaombewa. Hawakupata. Jamani, huo ni mzigo mzito, asikudanganye mtu.

Kilichowaponza ni woga. Mama yake Byabato, Bibi Nyirabageni, alikuwa amesema wazi: "Mtoto wa kuokota simtaki kwenye kibanja hiki. Ukoo wake hatuujui, muziro wake hatuujui." Huko kila ukoo una muziro, yaani kitu ambacho watu wake hawali tangu enzi za mababu. Kwa bibi yule, mtoto asiye na muziro hakuwa na kwao.

Basi wakatunga uongo. Mackrine alikwenda Kimuli, wilaya ya Kyerwa, kwa dada yake Sperancia. Akakaa miezi minne. Watu wa Igurwa wakaambiwa ana mimba ya shida, anatunzwa na dada. Jirani yake Sperancia alikuwa binti wa miaka ishirini na moja, jina lake Felicitas. Huyo ndiye aliyekuwa na mimba kweli. Aliyempa mimba alivuka mpaka, akanyamaza mpaka leo. Wazazi wake walikwisha kufa. Felicitas alipojifungua mtoto wa kiume, alikaa naye siku nne. Siku ya tano akampa Mackrine, akageuza uso ukutani. Mackrine akamwachia vitenge viwili, akaondoka na mtoto.

Wakamwita Mwesiga. Ubatizo ukapangwa Jumapili.

Mchana ule aliingia Beata, jirani yao, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Hongera, dada Mackrine. Nimekuja kumwona mtoto. Naomba na kadi yake ya kliniki."

"Kadi? Ilibaki Kimuli."

"Chanjo amepata?"

Mackrine alimvuta mtoto karibu. Beata akamchukua mtoto, akambinya kidogo ngozi ya tumbo. Alikuwa mwepesi mno. Pembeni ya mkeka palikuwa na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa na maji.

"Mbona humnyonyeshi?"

"Maziwa hayatoki."

Beata alikwenda kufunga mlango. Akarudi, akakaa chini kabisa, magoti yao yakagusana.

"Dada, mimi nimezalisha wanawake, na nimezaa watatu. Huyu umemtoa wapi?"

Mackrine alitaka kukasirika. Hasira haikuja, yalikuja machozi. Akasimulia yote, tangu Kimuli mpaka vitenge viwili.

"Usimwambie mtu, Beata. Wakijua watamchukua. Wakimchukua nitakufa."

"Sikiliza. Unaogopa kumpeleka kliniki kwa sababu huna kadi. Kwa hiyo mtoto hana chanjo, anakunywa maji yenye rangi ya maziwa, na anakonda. Ukiendelea kumficha hivi, utamzika. Hilo la kwanza. La pili, Felicitas akija kesho na polisi, utawaonyesha karatasi gani? La tatu, siku moja mtu atagombana naye shambani amwambie, 'Wewe si wa hapa.' Unataka aujue ukweli hivyo?"

"Sasa nifanye nini?"

"Kuna njia. Inaitwa kuasili mtoto. Ni ya kisheria, na inaanzia kwa afisa ustawi wa jamii. Ni ndefu, nisikudanganye. Lakini ukifika mwisho wake, mtoto ni wako mbele ya kila mtu."

Jioni Byabato alirudi kutoka kanisani na fomu ya ubatizo mkononi. Mackrine alikuwa amejiandaa kubishana naye. Kumbe mwenzake alikuwa amechoka kumzidi.

"Nimeshindwa kuijaza," alisema Byabato. "Wameandika, 'Mama aliyemzaa.' Nimeshika kalamu, mkono umegoma. Mimi mzee wa kanisa, Mama Mwesiga! Nimwandikie Mungu uongo kwa kalamu?"

Asubuhi walikwenda na Beata hadi Kayanga, kwenye ofisi za wilaya. Afisa ustawi wa jamii aliitwa Novatus, mtu mpole lakini asiyezungusha maneno.

"Shikamoo, afisa," alisema Mackrine, ingawa alimzidi umri.

"Shikamoo wewe, mama. Kaa."

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mmekosea. Mtoto hapewi mtu chini chini kama mche wa mgomba. Na vile vitenge, hata kama ulivitoa kwa huruma, sheria hairuhusu kumpa mzazi kitu ili akuachie mtoto. Lakini mmekuja wenyewe, na nitaliandika hilo. Sasa mtoto atapelekwa hospitali. Akitoka huko atakaa kwenye kituo cha kulelea watoto wachanga, mpaka tumpate mama yake na tuwachunguze ninyi."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Na mama yake akimtaka?"

"Akimtaka na akaweza kumlea, atarudi kwake. Haki ya kwanza ni ya mtoto. Si yako, wala si yangu."

Mackrine alimfungua Mwesiga mgongoni yeye mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya. Alimpa Beata ampeleke ndani ya gari la hospitali. Njia nzima ya kurudi Igurwa mbeleko ilikuwa mapajani mwake, ikiwa na joto la mtoto bado. Alilia bila kuona haya.

Nyumbani palibaki kazi nyingine ngumu. Bibi Nyirabageni alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Byabato alipiga magoti mbele yake, akamwambia kila kitu. Bibi aliweka kisu chini.

"Siku zote hizi mmeniacha nimbebe, nimwimbie, nimwite kwa jina la baba yenu mkubwa. Mmenifanya mtoto mdogo."

"Tusamehe, Mama. Tuliogopa maneno yako," alisema Mackrine.

Bibi aliokota kisu chake, akaingia ndani. Alijitenga siku tatu. Ndizi alizipika peke yake, akala peke yake.

Wiki zilipita. Afisa mwenzake wa Novatus, aliyeko Rubwera, wilaya ya Kyerwa, alimpata Felicitas. Walikaa naye mara tatu. Walimuuliza kama amelazimishwa, au amedanganywa kwa zawadi. Walimweleza kwamba anaweza kubadili mawazo, na kwamba kuna msaada akitaka kumlea mwenyewe. Kila mara Felicitas alilia, na kila mara alijibu hivyo hivyo: anampenda, ila hawezi. Mwishoni akatia sahihi ya ridhaa.

Huku Igurwa Novatus alikuja bila taarifa, mara mbili. Alikagua nyumba na choo. Alimuuliza mwenyekiti wa kitongoji, akamuuliza mchungaji. Mackrine na Byabato walipimwa afya. Mara ya pili alimkuta bibi uani.

"Na wewe bibi, mkubwa wa nyumba hii, unasemaje? Mtoto akija utampokea?"

Mackrine alisimama mlangoni, roho juu. Alijua neno moja la bibi lingeweza kuharibu yote.

Bibi Nyirabageni alijifuta mikono kwenye khanga. "Huyo binti aliyemzaa, mmempata?"

"Tumempata."

"Muziro wao ni upi?"

Novatus alifungua faili. "Ameomba mambo mawili yaandikwe humu. La kwanza, mtoto akikua aambiwe ukweli. La pili, asilishwe senene. Kwao hawali."

Bibi alitikisa kichwa polepole, muda mrefu. "Masikini. Hana kitu cha kumwachia mwanawe, amemwachia muziro." Akajifuta macho. "Mleteni. Ana kwao huyo."

Mwesiga alirudi akiwa na miezi mitatu na mashavu. Safari hii alikuja na kadi ya kliniki na barua ya malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa majaribio huku ustawi wa jamii wakiwafuatilia. Sheria inataka kipindi hicho kiwe angalau miezi sita. Kwao kilikuwa kirefu zaidi. Mackrine alimnywesha maziwa ya watoto kwa kikombe kisafi, kama alivyofundishwa, na kliniki hakukosa hata mara moja. Beata alikuja kila mwezi kukagua, na hakuona aibu kumkaripia. Mwesiga akabatizwa. Kwenye fomu Byabato aliandika ukweli, mkono haukugoma.

Ndipo ombi likapelekwa Mahakama Kuu, Bukoba. Jaji alisoma taarifa ya Novatus na ridhaa ya Felicitas. Akawauliza mengi. Mwesiga alikuwa na mwaka na miezi kumi siku jaji alipotoa amri: kuanzia leo huyu ni mtoto wa Byabato na Mackrine, ana haki zote za mtoto wa kuzaliwa, pamoja na urithi. Mackrine alisahau kwamba yuko mahakamani, akapiga kigelegele. Karani alimtazama, akarudi kwenye faili lake.

Ewe unayesoma, ukipewa mtoto gizani, usimfiche. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa ustawi wa jamii. Utaogopa, na pengine utalia njiani kama Mackrine. Nenda tu.

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wa kuliwa, waliingia kwa wingi. Igurwa nzima ilinukia. Zamani hakuna aliyemshinda Mackrine kwa kukaanga senene, wala kwa kuwala. Msimu ule jiko lake halikuwa na hata mmoja.

Shemeji yake Byabato, Placidia, alikuja kutoka Muleba na bakuli limejaa, bado la moto. Mwesiga akakimbilia, akanyoosha mkono. Bibi Nyirabageni akaudaka.

"Mjukuu wangu hali senene. Kwao hawali."

"Kwao wapi tena?" alishangaa Placidia. "Si ni hapa?"

Mackrine aliungoja ule moto wa zamani moyoni. Haukuja.

"Hapa ni kwao," alisema. "Na Kimuli ni kwao. Kule ndiko alikozaliwa na mama yake, Felicitas. Akikua tutampeleka."

Placidia alimtazama mtoto, kisha bakuli lake. Akalifunika, akatoka kuliweka nje ya mlango. Akanawa mikono, akaingia tena na kumnyanyua Mwesiga.