Pedeli Iliyooshwa kwa Petroli

Baiskeli iliyopita mikononi mwa Andendekisye, walisema watu wa soko la Mbalizi, ilipanda mlima yenyewe huku mwenye nayo akiifuata kwa miguu, akihema. Basi Tekla, mgeni aliyekuwa akitoka kwenye kazi yake ya kupima maji Ziwa Rukwa, alipoulizia fundi, vidole vyote vilimwelekea Andendekisye.

Alipenya kati ya vitunguu na mitumba, gauni la kitenge cha kijani, raba zimeganda tope, amepakata dude lenye pedeli mbili juu na panga kama la feni chini.

"Kamwene, fundi. Hii ni ya kayaki, mtumbwi wa plastiki. Unakanyaga, panga linasukuma maji. Sasa inalia."

"Inalia kwa sababu unataka kuondoka hujaniachia namba, dada."

Tekla akacheka. Akamweleza: aioshe kwa maji safi ya bomba, aikaushe, aijaze grisi ya vyombo vya majini, kopo hili hapa. Kisha akaenda kutafuta chipsi.

Andendekisye akaiosha gia ya zile pedeli kwa petroli, kama alivyoosha kila baiskeli kwa miaka kumi na miwili. Hakujua kwamba mle ndani mna mpira mwembamba wa kuzuia maji, na kwamba petroli huulegeza kama ugali uliomwagiwa mchuzi. Pedeli zikazunguka kimya. Namba akapewa.

Miezi minne simu zilipishana kati ya Mbalizi na Ipogolo, kwao Tekla. Alimwita mke mtarajiwa. Tekla akamtania kwamba Wanyakyusa huoa kwa mdomo kwanza. Siku moja akamuuliza mbona grisi imegeuka nyeupe kama uji. Aliiosha kwa maji kweli?

Fundi mwenye sifa zake akaona aibu. "Kwa maji, mpenzi. Ongeza grisi tu."

Wiki iliyofuata Anania, kaka yake Tekla aliyefanya naye kazi, aliingia bwawa la Mtera peke yake na kayaki ile. Upepo wa mchana ukaamka, gia ikakwama katikati ya maji. Kasia alikuwa ameliacha nchi kavu. Mwenye pedeli abebe kasia la nini? Walimpata siku ya tatu.

Wa kutunza gia alikuwa Tekla, na Ipogolo nzima ililijua hilo. Tangu maziko mama yake, Faustina, hakumsemesha. Mwezi wa tatu baada ya msiba, Andendekisye alipofika, Tekla alimpokea uani, kanga nyeusi imempwaya.

"Nioe," alisema. "Nihamie kwenu. Mama ananitazama kama muuaji, na mimi najiona hivyo hivyo."

Lile aliloliota tangu sokoni likawa limewekwa kiganjani mwake. Kufumba mkono tu.

"Tekla, niliiosha kwa petroli. Ndiyo iliyoharibu mpira wa ndani wa kuzuia maji, nimekuja kujua baadaye. Uliponiuliza, nikakudanganya."

Kuku wakapita katikati yao. Tekla akamwita mama yake, akamwamuru Andendekisye arudie. Akarudia, neno kwa neno, akitazama chini.

Faustina alimshika binti yake mkono. "Mwanangu, twende ndani."

Tekla akageuka mlangoni. "Ungesema siku ile ya simu," alisema, "ningekubali unioe pamoja na petroli yako."

Mlango ukafungwa taratibu, bila hasira. Andendekisye akashuka hadi barabara kuu kungoja basi la Mbeya, na mabasi mawili yalimpita hajanyanyua mkono.