Koti la Mpiga Bunduki wa Mkiani

Kilichomshtua kwanza Enid Thackray ni baridi ya lile koti. Ilikuwa Julai, Lincolnshire nzima, kule Uingereza, inahema kwa joto, lakini alipoligusa juu ya meza ya jikoni vidole vilimganda kama ameshika nyama ya jokofuni.

"Clifford, hili limetoka wapi?"

"Kwa bibi mmoja kule Horncastle." Mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa na mazoea ya kukusanya mavazi ya baridi ya askari wa anga wa Vita vya Pili vya Dunia: glavu, kofia, buti za manyoya. "Ngozi halisi ya kondoo, mke wangu. Lilikuwa la mjomba wake, Arthur. Alikaa mkiani mwa ndege na bunduki yake. Siku moja wenzake walitua salama, wakamkuta ameganda kwa baridi ya huko juu."

"Mtu kafia humo, nawe unaniletea jikoni!"

"Usiwe mwoga, bwana. Ni koti tu."

Siku ya tatu, saa sita mchana, harufu ya petroli ilijaa ngazini. Kisha zikasikika pumzi, nzito, kama za mtu aliyevaa barakoa ya mpira ya kupumulia angani. Enid alipanda mbio.

Clifford alisimama mbele ya kioo, koti limefungwa hadi kidevuni, midomo imekuwa ya bluu.

"Zipu haifunguki," alinong'ona. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya kijana. "Mama, sivisikii vidole vyangu."

Enid aliivuta zipu ikagoma, akachukua mkasi ukateleza juu ya ngozi kama juu ya barafu, na zile pumzi zikazidi kupanda, sasa zikitoka kwenye koti lenyewe, huku macho ya mumewe yakigeuka meupe, mpaka akajikuta amelikumbatia lile koti na kumbembeleza aliyekuwemo.

"Arthur, mwanangu. Umeshatua. Uko nyumbani. Mwachie mume wangu, nakuomba."

Zipu ikashuka yenyewe.

Hospitalini, daktari aliyemfunga Clifford bandeji kwenye vidole vilivyoungua kwa baridi aliuliza ni mlima gani huo aliopanda. Enid alirudi nyumbani, akalimwagia koti mafuta ya taa bustanini, akalitazama mpaka likawa majivu.

Jioni, aliporudi hospitalini, alimkuta mumewe ameketi kitandani, rangi imemrudia usoni. Enid akaangua kilio cha furaha.

"Umenitia hofu, we mzee! Nimelichoma. Limekwisha."

Mumewe alimtazama kwa adabu, kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Asante, Mama," alisema. "Na wenzangu, nao wametua?"